Mbegu kwenye Pembe za Pongo

Sogeeni karibu, na mwenye muwa mdomoni ateme makapi kwanza. Hadithi hii kuianza ni kazi yangu, lakini kuimaliza ni kazi yenu, na sitaki mtu aje kuniambia baadaye kwamba alikuwa anatafuna ndiyo maana hakusikia swali.

Juu kule milimani Upare, kwenye kitongoji kilichopakana na msitu, aliishi mama mmoja aitwaye Nampombe. Alizaa wana watatu, na wana watatu wakamletea wakwe watatu. Hao wana hawamo sana katika hadithi hii. Kiangazi kilikuwa kimekaza, nao walikuwa wameteremka tambarare na ng'ombe kutafuta malisho. Tuwaache huko huko na ng'ombe wao. Wenye hadithi ni wake zao.

Mkwe wa kwanza, Mbonea, alijaliwa masikio. Kifaranga akianza kulia ndani ya yai, yeye ndiye aliyetangulia kujua. Chungu kikitokota kwa jirani, aliweza kukwambia kama ni maharage au ni magimbi. Maneno yenyewe hakuwa nayo mengi. "Huyu ukimsalimia asubuhi, jibu unalipata adhuhuri," mkwe wa tatu alizoea kumtania, na Mbonea alicheka, tena kicheko chenyewe cha kimya kimya.

Mkwe wa pili, Nakiete, alijaliwa mikono. Uzi uliotatizana, ambao mimi na wewe tungeukata kwa meno tukamaliza ugomvi, yeye aliufungua huku anazungumza mambo mengine. Alisuka mikeka, alisuka vikapu, alisuka vichwa vya watoto wa kitongoji kizima, na watoto walisinzia mapajani mwake badala ya kulia.

Mkwe wa tatu, Ndeshi, alijaliwa kinywa. Huyu alitoka Uchagani, na Mchaga na Mpare, kama mjuavyo, ni watani tangu enzi za mababu. Mtani anaweza kukusimanga hata kwenye msiba wenu, na wewe ukamkaribisha chakula. Ndeshi aliweza kuingia katikati ya ugomvi wa watu wawili na kutoka akiwa amealikwa na wote wawili.

Nampombe aliwapenda wote, na si penzi la mdomoni. Kwake walikuwa mafiga matatu: ondoa moja, chungu kinamwagika. Na hapo ndipo shida ilipoanzia.

Maana Nampombe alikuwa mama wa mbegu. Ukoo ule ulikuwa na fiwi zake, yale maharage mapana, nyeupe, kila moja na doa jekundu kwenye kitovu, na mbegu zake zilikaa ndani ya kibuyu kimoja, mikononi mwa mwanamke mmoja. Msimu wa kupanda ukifika, nyumba zote za ukoo zilikuja kuomba kwake. Yeye ndiye aliyejua nani apewe kiganja kimejaa na nani aambiwe, "Wewe za mwaka jana ulizipika, usifikiri sikunusa."

Kibuyu hicho hakikugawanywa. Wanasema zamani kiligawanywa mara moja kati ya wanawake wawili. Ukaja ukame, kila mmoja akajisemea moyoni kwamba mwenzangu anazo, akabandika zake jikoni. Tangu hapo ukoo ukawa na msemo: kibuyu cha wawili hakina mbegu. Na kulikuwa na mwiko mwingine. Mama wa mbegu mkono wake ukianza kudondosha wakati wa kupanda, muda wake umekwisha. Fiwi za mwaka huo hazichumi yeye. Anamtaja mrithi, na mrithi anazichuma kwa mkono wake mwenyewe, anazijaza kibuyuni mbele ya watu. Fiwi zilizochumwa na mkono ambao haukutajwa, au zilizodondoka zenyewe, hazipandwi kamwe. Hizo huliwa, basi.

Msimu ule mkono wa Nampombe ulikuwa umedondosha. Alikuwa ameinama juu ya shimo, mbegu zikamtoka vidoleni, zikatawanyika kwenye udongo. Wakwe zake waliziokota, wakamrudishia, wakaanza kuzungumzia habari za mawingu. Lakini kila mtu aliona, na yeye aliona kwamba wameona, na ilimuuma kweli kweli.

Kisha mvua zikagoma. Nyumba nyingine mashamba yao yalikauka, na watu wakala mpaka mbegu. Fiwi za ukoo mzima zikabaki kwenye mmea mmoja tu, nyuma ya nyumba ya Nampombe, kwenye bustani iliyonyweshewa maji ya ndiva. Ndiva ni yale mabwawa yaliyochimbwa na wazee wetu mlimani, maji yake yakateremka kwa mifereji na kugawanywa kwa zamu. Mmea ukazaa. Maganda yakakauka. Watu ambao zamani hawakupita njia ya bustani ile sasa wakawa hawana njia nyingine.

"Shikamoo, mama. Vipi, mrithi?"

"Marahaba. Kesho," anajibu Nampombe. "Kesho, Mungu akipenda."

Mungu alipenda, kesho ikaja, na yeye akasema kesho tena. Angemtaja nani? Kumtaja mmoja ni kuwanyima wawili, na hao wawili siku inayofuata watampikia uji kwa moyo gani? Lakini maganda ya fiwi hayajui aibu za watu. Yakizidi kukauka hupasuka yenyewe. Kwa hiyo Nampombe akafanya alichoona ni busara. Aliukata mmea shinani, mzima mzima na maganda yake, bila kuchuma hata moja, akautundika kwenye uzio upande wa kivuli, ungoje. Ninyi mnaocheka, chekeni tu. Mtu akishindwa kuamua hutafuta kazi ya mikono ili aonekane anafanya jambo.

Basi, msitu nao ulikuwa umekauka, na jicho la mnyama mwenye njaa halipitwi na kijani. Kila alfajiri bustanini alikuja pongo, yule swala wa msituni mwenye madoa meupe ubavuni. Alikuwa dume, pembe zimesokotwa, na alikuja peke yake, maana pongo hapendi kundi. Alisimama kwanza kwenye migomba, mguu mmoja wa mbele ameuinua, anasikiliza. Kisha alishuka kwenye majani ya viazi vitamu akala kwa adabu, huku kidogo na kule kidogo, kama mgeni anayejua kwamba hakualikwa. Na kweli alihesabiwa mgeni, kwa sababu kwetu mnyama aliyeingia uani hachomwi mkuki, hufukuzwa tu. Nampombe hata kumfukuza hakumfukuza sana. Alimwangalia kupitia upenyo wa dirisha la jiko, na kusema kweli alimfurahia. Ukiwa mzee na wanao wako mbali, mgeni wa alfajiri ni mgeni.

"Kula viazi," alimnong'oneza. "Fiwi usiguse."

Asubuhi moja pembe ya msaragambo ikalia. Msaragambo ni kazi ya wote: matope yamejaa ndivani, kila nyumba itoe watu na majembe, na asiyetokea ajiandae kutoa maelezo. Wakwe wakajifunga kanga kiunoni.

"Mama," Ndeshi alisema mlangoni, "kabla hatujaenda, si umtaje mtu tuchume, tumalize? Ukikosa wa kumtaja nitaje mimi, sitanuna."

"Kesho," alisema Nampombe.

"Hiyo kesho yako, mama, imeshaota ndevu."

Wakaondoka wakicheka. Nampombe alibaki anamenya magimbi, na jua lilikuwa limeshachomoza pongo alipoingia, akiwa amechelewa kuliko siku zote. Safari hii hakwenda kwenye viazi. Alikwenda moja kwa moja kwenye uzio, akanusa maganda, akashika moja kwa midomo.

Nampombe akaingiwa na hofu, na hofu ni mshauri mbaya. Alikuwa na sufuria mkononi. Akaipiga kwa mwiko kwa nguvu zake zote huku anapiga kelele. Mnyama aliyeshtushwa hatafuti mlango. Pongo alirusha kichwa juu, pembe zikaingia katikati ya ule msokoto wa mmea, akaruka uzio na kuulaza upande mmoja, na mbegu za ukoo mzima zikaondoka naye kichwani. Alikwenda akilia chakachaka, maganda makavu yakigonga pembe, kama kayamba lililoota miguu.

Ingekuwa ni hadithi ya mtu mwingine, Nampombe angecheka. Alisimama na sufuria yake, akaangalia uzio mtupu, kisha akapiga yowe lililofika ndivani.

Wakwe walikuja mbio, matope hadi magotini. Alipowaeleza hakumlaumu mtu. "Ni mimi," alisema. "Ningemtaja mmoja wenu juzi, sasa hivi zingekuwa kibuyuni." Na machozi yakamtoka mbele ya wakwe zake, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya kumzika mumewe.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo mizani inapoanza kucheza.

Majirani waliofuata yowe walikuwa wameshaanza kutawanyika na mbwa wao, kila mtu na lake. Huyu anasema ameelekea juu, yule anaapa ameona majani yakitikisika bondeni, na mbwa wanabweka kuwaunga mkono wote wawili. Mbonea, mwanamke asiyeinua sauti, siku ile aliinua. "Nyamazeni! Wafungeni midomo hao mbwa!" Watu walinyamaza kwa mshangao tu. Yeye alifumba macho. Ulisikika upepo, na kijito kule chini, na jogoo wa mtu aliyechelewa kuamka. Mbonea alikaa hivyo mpaka watu wakaanza kukohoa. Kisha akanyoosha mkono ng'ambo ya kijito, mahali ambapo hakuna hata mmoja aliyekuwa anaelekea.

"Chaka lile," alisema. "Maganda yanalia, yanatulia, yanalia tena palepale. Amenasa. Na akizidi kujitikisa, yatapasuka."

Hakuna mwingine aliyesikia kitu. Nampombe alitega sikio mpaka likauma.

Walivuka kijito, na kweli, pongo alikuwa mle chakani. Kamba za mmea zilikuwa zimemzunguka pembe, zikazunguka na matawi ya miiba, naye amefungika hapo kama mbuzi. Nampombe hakuweza kuteremka bonde lile kwa miguu yake; alikaa juu ya jiwe mwisho wa bustani, na chaka likawa mbele yake upande wa pili, analiona lote. Aliwaona wanaume wakisimama mbali na mikuki. Pongo dume aliyebanwa si mnyama wa mchezo, ameshatoboa mbwa na wenye mbwa. Na kumchoma pia hawakuthubutu, kwa sababu angekufa akijirusha, na fiwi zingemwagika zote kwenye miiba.

Nakiete alifungua kanga yake ya juu. Aliliendea chaka kwa nyuma, upande ambao upepo haukumpelekea mnyama harufu, akainama, akamrushia pongo kanga kichwani, ikamfunika macho. Mnyama asiyeona hutulia. Kisha akaingiza mikono chini ya kanga. Kutoka juu ya jiwe lile Nampombe aliona mgongo wa mkwe wake tu, umeinama kama siku zote anapomsuka mtoto nywele. Mara moja pongo alijirusha, na pembe ikamchana Nakiete kuanzia kiwiko kwenda chini. Mtu yeyote angeuvuta mkono. Yeye hakuuvuta, kwa kuwa vidole vilikuwa ndani ya mmea, na kuuvuta kungekata kila kitu. Alisubiri, damu inamtiririka, mpaka mnyama akatulia tena. Mwishowe akasimama na mmea wote juu ya mikono yake kama aliyebeba mtoto, akaivuta kanga, na pongo akakimbia zake akibweka. Hakuna ganda hata moja lililopasuka.

Mngedhani hadithi imekwisha. Haijaisha, kwa sababu chaka lile lilikuwa na mwenyewe.

Mwenyewe aliitwa Mrindoko, naye aliibuka kwenye migomba yake, fimbo mkononi. "Weka chini huo mmea, mama," alimwambia Nakiete. "Kilichoachwa na mnyama wa porini ni cha mwenye ardhi. Sikuitunga mimi, ni sheria ya wazee." Na kweli ilikuwa sheria ya wazee. Tena Mrindoko hakuwa mwizi, msimwonee. Nyumbani kwake walikuwa wamekula mpaka mbegu, na watoto anao. Aliuchukua mmea, taratibu, akaukumbatia. Nakiete, na mkono wake unavuja damu, hakung'ang'ania, maganda yasije yakapasuka.

"Twende ndivani kwa wazee," alisema Ndeshi.

Wazee walikuwa bado kule kwenye matope, na waliposikia kuna kesi waliweka majembe chini kwa furaha isiyofichika. Watani wetu husema Mpare huuza ng'ombe ili kufuatilia kesi ya kuku. Wanatuonea. Ni lazima awe jogoo.

Mrindoko akaeleza, na wazee wakatikisa vichwa kukubali. Nampombe, aliyefika akiegemea bega la Mbonea, aliwaona wakikubali. Sheria aliijua. Ingekuwa yeye ndiye mwamuzi, angempa Mrindoko.

"Shikamoo, baba," Ndeshi alimwambia Mrindoko.

"Marahaba, Mchaga. Leo umekuja kuuza nini?"

"Leo nanunua, baba. Nimetafuta akili, nikaambiwa kwako zilikuwepo lakini zimekwisha."

Watu wakaangua kicheko, na Mrindoko mwenyewe akacheka. Angeyasema mwingine, pangechimbika. Lakini mtani humkasirikii, na mtu akishacheka hulegea.

"Niambie basi, baba yangu," Ndeshi aliendelea, mpole kabisa. "Yule pongo akiwa kwenye ardhi yako, ni wako?"

"Akiwa kwangu ni wangu, na alichonacho ni changu."

"Labda alikuwa anapita tu?"

"Anapita? Analala pale! Namwona kila jioni anaingia chakani, na kila alfajiri anatoka."

Ndeshi akawageukia wazee. "Mmesikia wenyewe. Tangu kiangazi kianze tunamtafuta mwenye mfugo huyu, kumbe ni baba hapa! Analala kwake, halafu alfajiri anakuja kula kwetu. Basi, baba, fiwi ni zako, nenda nazo salama. Ila utuletee majani ya viazi aliyokula mfugo wako kiangazi kizima, na mchicha, na huo uzio uje uusimamishe. Na huyu dada yangu, mkono wake umechanwa na mnyama wako. Utaushona mwenyewe, au utaleta fundi?"

Mrindoko aliwatazama wazee. Wazee waligundua ghafla kwamba kuna kitu cha kuangalia kule kwenye maji, wakakaza midomo isicheke.

"Pongo si wangu," alisema Mrindoko.

"Na vilivyokuwa kwenye pembe zake?"

Akaulegeza mkono uliokumbatia mmea. "Si vyangu."

Ndeshi akaupokea mmea kwa mikono miwili, akapiga goti. "Msimu wa kupanda uje, baba. Hutarudi na kiganja kitupu, mimi nitakuwa shahidi." Na uso wa Mrindoko ukatulia, maana alikuwa ameachiwa heshima yake.

Hapo mzee mmoja akafuta matope mikononi, akasema, "Nampombe, zimerudi. Lakini maganda hayo yameshatikiswa vya kutosha, hayafiki kesho. Mtaje mtu leo, kabla jua halijazama. La sivyo zitadondoka zenyewe, na utakuwa umetupikia mboga."

Wakarudi nyumbani. Mmea ukalazwa kwenye ungo mkubwa katikati ya ua, kibuyu kikawekwa kando yake. Majirani wakajaa, kila mmoja na mkwe wake wa kumtetea. Wengine walisema, bila Mbonea mngekuwa mpaka sasa mnabweka na mbwa wenu huko juu. Wengine wakasema, kusikia ni kusikia. Bila Nakiete mngesikia mbegu zikimwagika. Wengine wakasema, sawa, na bila Ndeshi hao wawili wangekuwa wamemtafutia Mrindoko mbegu, tena wakamfungulia na mafundo.

Nampombe alitamani wakwe zake wamsaidie. Alitamani mmoja aseme, mama, mpe mwenzangu. Huwa wanasema hivyo. Nyama ikibaki kipande kimoja, kinazunguka mpaka kinapoa.

"Mimi nakitaka, mama," alisema Mbonea. Watu wote wakageuka, kwa maana hakuna aliyewahi kumsikia akiomba hata chumvi. "Miaka yote nimesikia kila mtu anataka nini, nikanyamaza. Hiki nakitaka."

Nakiete aliuangalia mkono wake uliofungwa kwa kipande cha kanga. "Na mimi nakitaka," alisema. "Sikuzibeba zile kamba ili nimpe mtu. Nilizibeba kama zangu."

Walimgeukia Ndeshi wakitegemea mzaha. Hakuwa nao. "Mimi ndiye niliyetoka mbali kuliko wote," alisema. "Mnanipenda, najua, lakini bado mnaniita Mchaga. Nikipewa kibuyu hiki, nitakuwa nimefika nyumbani."

Nampombe akawaangalia watatu hao, na moyo ukampasuka kwa kuwapenda.

Alijaribu kufikiri kama mama wa mbegu, si kama mama mkwe wa mtu. Mwenye kibuyu anahitaji masikio, asikie nyumba ipi ina njaa na ipi inadanganya. Lakini Mbonea husikia mengi na kusema machache. Je, akija mtu mkorofi kutaka mbegu za kupika, atamkatalia? Mwenye kibuyu anahitaji mikono, ya kukausha na kuchambua na kushika hata inapouma. Lakini mkono wa Nakiete ukishika hauachii. Je, utafunguka kumgawia mtu kama Mrindoko? Mwenye kibuyu anahitaji kinywa, cha kukataa bila kuvunja udugu. Lakini Ndeshi ameshaahidi mbegu hata kabla hajakabidhiwa. Je, kiangazi kingine kikija, kibuyuni kutabaki nini? Alipima hivi, akapima vile, na kila alipomwinua mmoja, wawili walikuja juu naye.

"Ningemwachia pongo tu," alinong'ona, na waliokuwa karibu wakacheka. Yeye hakuwa anatania.

Jua likagusa mgongo wa mlima. Nampombe akakishika kibuyu. Akavuta pumzi ya kusema jina.

Mbonea aligeuza kichwa ghafla kuelekea kwenye ungo. Wengine walisikia baada yake: ta! Ganda la kwanza limepasuka. Mbegu moja nyeupe, na doa lake jekundu, ikaruka, ikaviringika mpaka ukingoni mwa ungo. Mkono wa Nakiete ukaifuata upesi, ukasimama hewani, kwa maana haukuwa umetajwa. Kinywa cha Ndeshi kikafunguka, kikafumbwa. Na kutoka kwenye migomba, ambako hakuna aliyekuwa anaangalia, pongo akabweka.

Hapo ndipo nilipofika mimi. Mama yuko palepale, kibuyu mkononi, wakwe watatu mbele yake, na mbegu ndizo hizo zinaanza kudondoka. Aliyezisikia, aliyezifungua, aliyezitetea: ungemtoa mmoja, zisingerudi. Je, ingekuwa ni wewe uliyekishika kibuyu kile, ungelitaja jina la nani?

Semeni, nawasikiliza. Ila mtu asiniambie kesho.